Maelezo ya Uso wa Mzee Mabula

Mhunze, Kishapu
12 Februari 2025

Mdogo wangu Edson,

Nakusalimu kutoka huku ambako jua limetukalia kichwani tangu mwaka uanze. Mimi na Mbuke tuko salama. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, na sasa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kama bibi harusi. Mahindi yamekufa yakiwa usawa wa magoti, mtama unajikaza. Mama alinipigia kutoka Ushirombo. Mguu wake umevimba tena, lakini hakulalamikia mguu, alilalamika kwamba hujaonekana kanisani tangu Noeli.

Mama huyo huyo ndiye aliyeniambia kwamba hapo kwenye stesheneri yako Katoro siku hizi unatengeneza picha za watu kwa kuiandikia kompyuta maneno tu. Eti ulimtengenezea mwenye saluni picha ya mwanamke aliyesukwa nywele ambazo hakuna aliyezisuka. Kama ni kweli, nina kazi kwako, na si ya mchezo.

Baba mkwe wangu, Mzee Mabula, hayupo nyumbani. Aliondoka asubuhi ya tarehe 20 Januari na fimbo yake. Unajua tangu mwaka juzi kichwa chake kinampoteza, anaweza kukuulizia ng'ombe waliouzwa kabla sijaolewa. Naamini amekuja huko kwenye machimbo kumtafuta mume wangu. Jilala huu ni mwaka wa tatu hajakanyaga hapa, na simu yake inaita mpaka inachoka. Nataka picha ya mzee uibandike stendi na machimboni, watu wamtambue. Picha yake hatuna. Ya kitambulisho anayo mwenyewe mfukoni. Ya harusi yetu mpiga picha alimkata, imebaki kofia.

Andika basi kwenye hiyo kompyuta: ni mzee wa heshima, mpole, mtu mzima kweli kweli.

Usimwambie mtu yeyote wa upande huu. Hapa kijijini nimesema kaenda Mwadui kwa binti yake Minza, na Minza naye anajua baba yake yuko hapa. Na usinipigie simu. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu cha kwa Mzee Thobias tu, na wanaochota maji pale wote wanakusikiliza. Barua mpe kondakta.

Dada yako,
Lusia


Katoro
26 Februari 2025

Dada Lusia,

Shikamoo. Barua yako ililala siku tano kwenye koti la kondakta, nimemsema mpaka akaomba maji. Mimi ni mzima. Kanisani nitakwenda, mwambie Mama mguu kwanza halafu mimi. Mwambie Mbuke meno yake yakiota nitamtumia peremende za kuyaharibu upya.

Pole sana kwa Mzee. Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa nimesimama.

Sasa kazi. Niliandika maneno yako kama yalivyo, mzee wa heshima, mpole, mtu mzima. Akaja bwana wa suti na tai nyekundu, amekunja mikono, bendera nyuma yake. Angegombea ubunge ningempigia kura. Nikaongeza kwamba ni Msukuma, nikaletewa mtu mwenye manyoya kichwani na mkuki, anaruka juu. Nikaongeza kwamba ni mkulima wa kijijini, akaja mzee analia machozi mazito kama glisilini na mkono una vidole sita.

Dada, hii mashine haijui heshima wala upole. Inajua vilivyoonekana kwenye mamilioni ya picha za watu wengine, na mahali unaponyamaza wewe inajaza yenyewe kwa vya hao wengine. Kwa hiyo niandikie kile ambacho jicho linaona. Uso ni mrefu au wa mviringo? Masikio yamekaaje? Pua, meno, nyusi, kovu? Anza na kubwa, maana kinachotangulia ndicho kinachopewa uzito. Na usiniandikie asivyo. Niliandika "hana ndevu", zikaja ndevu mpaka kifuani, kwa sababu ilichosikia ni ndevu. Nguo pia, na rangi yake, na kama imechakaa sema imechakaa wapi.

Mimi mzee wako nilimwona siku moja tu, ya harusi, na siku hiyo nilikuwa natazama sahani. Wewe umeishi naye nyumba moja miaka tisa, umempikia, umemfulia. Funga macho umtazame, halafu andika.

Lakini kwa nini ulisema kaenda Mwadui? Si ungewaambia tu kwamba kapotea, mkamtafuta wengi?

Kuhusu Jilala sina la kukuambia. Machimbo ni makubwa, mtu anaweza kukaa mwaka mtu asimwone.

Mdogo wako,
Edson


Mhunze
10 Machi 2025

Edson,

Marahaba. Umenifundisha kama mtoto wa chekechea, lakini nimekuelewa. Huku mvua ilinyesha siku moja ikatukumbusha kwamba ipo, ikaondoka. Mbuke anamuulizia babu yake kila akitoka shule, nami namwambia yuko kwa shangazi. Mtoto haulizi mara ya pili, ananitazama tu.

Haya ndiyo maelezo. Uso mrefu, mashavu yameingia ndani. Nyusi nene zinazokaribia kukutana. Sikio la kushoto limetokeza nje kidogo kuliko la kulia. Kidevu kina kishimo katikati, kama udongo mbichi uliobonyezwa kwa kidole. Meno ya mbele ya juu yana mwanya. Akiwa anawaza anauma mdomo wa chini kwa upande mmoja. Mfanye mwenye miaka sabini na nane, mvi kichwa kizima, makunyanzi. Amevaa koti la kijivu, kofia ya pama na katambuga za tairi.

Hilo la Mwadui liache. Nina sababu zangu na hazitengenezi picha.

Lusia


Katoro
25 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la hapa linanikohoza. Nimekwenda kanisani, na padri alinitazama kama mgeni aliyepotea njia.

Maelezo yako yalikuwa mazuri kuliko ya wateja wangu wote. Kwa kusoma tu nilimwona mtu. Nilijaribu mara kumi na nne. Mara ya kwanza ilimpa mwanya mpana wa kupitisha kidole, mara nyingine ilimsafisha akawa wa tangazo la sabuni, mpaka nilipoandika kwamba mpiga picha amesimama hatua mbili mbele yake, jua la asubuhi, ukuta wa udongo, ngozi kavu ya mtu anayeshinda nje. Hapo akatulia. Nimekuwekea nakala humu.

Alipotokea kwenye kioo nilisogea karibu nikamtazama. Sikujua kwamba baba na mtoto wanaweza kufanana namna hii. Niambie kama ndiye, nianze kubandika.

Edson


Mhunze
3 Aprili 2025

Edson,

Picha nimeipata. Ndiye. Bandika.

Mbuke yuko salama.

Lusia


Katoro
22 Aprili 2025

Dada Lusia,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi kutafuta nyingine nyuma. Unaumwa?

Nimebandika stendi ya Katoro, sokoni, Nyarugusu kwenye maduka, na kwenye kuta za makarasha, yale mabanda ya mashine za kusaga mawe ya dhahabu, maana kila mchimbaji lazima apite pale. Nimeandika ANATAFUTWA na namba yangu. Pia nimeirusha kwenye makundi ya simu.

Simu zimekuja nyingi na nyingi ni za kijinga. Mmoja alisema atanionyesha mzee kwa njia ya ndoto. Wiki iliyopita kanipigia mama anayeponda mawe Nyarugusu, Martina, kusema kuna mzee pale kwao naye anamtafuta huyu huyu wa kwenye picha. Nikamwambia mama, sisi tunayemtafuta ni mmoja, usituchanganyie mambo. Nilikuwa na wateja. Pia karatasi ya pale kwenye karasha lao imeng'olewa. Nitabandika nyingine.

Usikate tamaa. Uso tunao sasa.

Edson


Katoro
8 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za Mama wala za padri. Niandike haraka kabla sijaogopa.

Jilala alikuja hapa kazini Jumatatu. Ameshika karatasi yetu imechanika katikati. Mbele ya wateja akaniuliza, "Nani kakutuma unizeeshe?" Nikamwambia huyo ni baba yako, amepotea, anatafutwa. Akasema, "Huyu ni mimi. Mimi nimemfuata mama. Baba ana uso wa mviringo." Wenzake machimboni wameanza kumwita Babu kwa ajili ya picha hiyo, akadhani wewe ndiye umeweka mtego wa kumnasa.

Alipoelewa kwamba Mzee kapotea kweli alikaa juu ya boksi la karatasi. Akaomba maji. Akasema kesho yake tutakwenda kutafuta wote. Kesho yake simu imezimwa. Wanasema kumetokea rashi, watu wanakimbilia dhahabu mpya upande wa Chunya, na amepanda gari na wenzake.

Sasa langu. Nilijua alipo tangu mwaka jana. Nilimkuta machimbo ya upande wa pili wa Katoro, kwa mwanamke anayeuza chakula, na kuna mtoto anatambaa pale mwenye nyusi zile zile. Aliniomba nisiseme, na mimi nikaona afadhali ujue kwa mtu mwingine, si kwa mdomo wangu. Nilipokuandikia kwamba machimbo ni makubwa nilikuwa nakudanganya. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi sema pia.

Lakini nawe niambie. Ulinielezea uso wa mumeo. Kwa nini? Karibu mwezi sasa mji mzima umetazama uso usiotakiwa.

Edson


Mhunze
19 Mei 2025

Edson,

Nimekaa na barua yako siku nne. La yule mwanamke nilikuwa nalijua bila kuambiwa, mke hakosi kujua. La mtoto sikulijua. Nimekukasirikia sana, na nitaendelea kukukasirikia mpaka nichoke, halafu tutaendelea. Hilo tuliweke kando.

Uliniuliza kwa nini. Sijawahi kumtazama baba mkwe wangu usoni.

Najua unacheka. Wewe umekulia kwetu Ushirombo ambako mambo haya tulishayalegeza. Huku nilikoolewa bado yapo. Siku ya kwanza bibi wa hapa, Mungu amrehemu, aliniambia, mkwe wako unampa maji kwa magoti na macho yako chini, akipita njia unampisha ukigeukia porini. Nikafanya hivyo wiki, nikafanya mwaka, ikawa miaka tisa. Nimempikia mtu huyu ugali kila siku ya Mungu na uso wake siujui. Uliponiandikia "funga macho umtazame", nilifunga nikaona miguu.

Nikaona aibu. Mwanamke aliyemtunza mzee, halafu hawezi kusema ana pua gani! Nikafikiri mtoto ametoka kwa baba, nitamwandika Jilala halafu Edson amzeeshe. Picha ilipokuja nilijua ni Jilala. Nilijiambia huenda na mzee ndivyo alivyo. Uongo. Nililia kwa sababu nilimwona mume wangu mzee, na sidhani kama nitamwona hivyo kwa macho.

Na majirani nisingeweza kuwauliza, kwa ajili ya ule uongo wa Mwadui. Nao uongo huo nilisema kwa sababu hii. Asubuhi ile Mzee aliuliza kama Jilala amekuja. Aliuliza mara nne kabla uji haujachemka. Mara ya nne nikamjibu, uso wangu ukiwa ukutani, "Mfuate basi. Kama unamtaka sana, mfuate." Mkwe hasemi vile, Edson. Hata kwa mbwa sisemi vile. Akasema, "Haya, mayu," kama anavyomwita kila mama, akachukua fimbo. Nilidhani anakwenda kisimani.

Nimekwenda kwa miguu mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji nikasema yote. Minza amekuja kutoka Mwadui, amenitukana mbele ya ukoo, na alikuwa anasema kweli. Jioni nilimuuliza uso wa baba yake ukoje, nikuandikie. Alilia sana akasema ana uso mzuri. Nikamwambia Minza, mashine haijui mzuri. Akasema basi anafanana na babu. Huyo babu alikufa kabla ya uhuru.

Sina uso wa kukupa.

Lusia


Katoro
29 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Sijacheka.

Acha uso. Kosa letu tulitaka kuieleza mashine tusichokijua, nayo ikatuamini. Niandikie unachokijua, hata kama ni kisigino. Nitamwambia mpiga picha asimame nyuma.

Jibu mpe kondakta huyu huyu, anarudi Jumapili.

Edson


Mhunze
31 Mei 2025

Edson,

Marahaba. Andika.

Mzee anaonekana kwa nyuma, anatembea kwenye njia ya ng'ombe, anakwenda mbali na mpiga picha. Mfupi, mgongo umeinama kuanzia mabegani, siyo kiunoni. Fimbo ameilaza nyuma ya shingo, mikono yote miwili imening'inia juu yake, viganja vinaangalia chini. Shingo ina mikunjo mitatu. Mguu wa kushoto unatupwa nje kidogo kila hatua. Kidole kidogo cha mguu huo kimelala juu ya mwenzake, ng'ombe alimkanyaga. Visigino vimepasuka, cha kulia zaidi, mpasuko wake mkubwa umekwenda kwa mshazari. Huo mimi ndiye ninayempa mafuta ya kuupaka. Kifundo cha kulia kimevimba.

Koti la kijivu. Mgongoni, chini ya bega la kulia, lina kiraka cha ukubwa wa kiganja. Nilikishona mwenyewe kwa kipande cha kitenge changu, bluu, na ndege wawili wa njano. Ndege mmoja nilimkata kichwa bila kukusudia.

Ona nilivyo. Ulitaka uso, nikasahau kiraka.

Lusia


Katoro
17 Juni 2025

Dada yangu Lusia,

Shikamoo, na kaa chini. Yuko hai.

Ile picha ya mgongo haikunichukua hata saa moja. Kiraka mashine ilikiweka katikati, nikairudisha, ikakiweka mahali pake, na yule ndege nilimkata kichwa mimi mwenyewe kwa mkono. Niliibandika Nyarugusu Ijumaa asubuhi. Kabla sijamaliza gundi, mwanamke mmoja mwenye nyundo na mavumbi mpaka kope alisimama nyuma yangu akasema, "Huyo ni mzee wetu wa ndege." Alikuwa ni yule Martina aliyenipigia Aprili. Ndiye niliyemwambia asituchanganyie mambo.

Alikuwa pale tangu mwanzo wa Machi. Wanawake wanaoponda mawe walikuwa wanampa chakula, analala kwenye banda lao la magunia. Karatasi yetu ya kwanza ni yeye aliyeing'oa. Kusoma hajui, unajua. Aliona uso tu. Tangu siku hiyo amezunguka nayo kila shimo, kila karasha, akiwaonyesha watu na kuuliza, na wao wakisoma wanamwambia huyo mtu kweli anatafutwa, babu, hajaonekana. Naye anashukuru anaendelea.

Nilimkuta ameegemea gunia, anakohoa. Nikamwamkia. Akatoa karatasi kwenye koti, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa, akanionyesha. Akasema, "Ng'wanone." Mwanangu. Halafu akasema kwa Kiswahili chake, "Angalia, amezeeka. Nimechelewa sana."

Sikumsahihisha, dada. Ningeanzia wapi? Nilitoka nje nikalia nyuma ya karasha, ambako mashine zinapiga kelele na hakuna anayekusikia.

Mganga wa zahanati anasema mapafu yamejaa vumbi na mwili umechoka. Nimemfikisha mpaka Kahama, Minza na mumewe wamempokea pale. Karatasi alikataa kuiachia. Ukipata barua hii atakuwa ameshafika kwako. Uso wake nimeuona sasa, lakini sikuandikii. Ukimwona wewe, niandikie, nitengeneze picha nzuri ya kuweka nyumbani.

Mdogo wako,
Edson


Mhunze
6 Julai 2025

Mdogo wangu Edson,

Marahaba, na asante, na bado nimekukasirikia kidogo. Baridi ya asubuhi imeanza. Mtama tumevuna, si mwingi. Mbuke jino moja limeota, limekaa upande. Mama anasema mguu umepungua na kwamba umekwenda kanisani Jumapili mbili mfululizo, anahofia unaumwa.

Mzee yuko kitandani. Hawezi kutembea tena mpaka mlangoni. Minza alitaka kumchukua Mwadui, na ukoo ulikubali, na mimi sikuwa na haki ya kupinga. Lakini uji anaunywa kwa mkono wangu tu. Mikono mingine anaifungia mdomo. Minza aliona hivyo siku tatu, akaniachia. Haongei nami bado.

Karatasi ameniagiza niipachike ukutani karibu na kichwa chake. Asubuhi anaisalimia. Mbuke aliniuliza yule mzee wa ukutani ni nani, kabla sijajibu babu yake akasema ni baba yako. Mtoto akaitazama muda mrefu, halafu akaziba mdomo akacheka, akasema ana mwanya. Jilala hajapiga simu. Sijui kama atapiga.

Juzi nilikuwa nimepiga magoti na bakuli, macho chini kama kawaida. Mzee amesahau mimi ni nani kwake. Aliing'oa karatasi ukutani akaileta mbele ya uso wangu, karibu kabisa, akaniuliza, "Mayu, umemwona huyu?" Nikaitazama. Halafu akaishusha, na nyuma yake alikuwepo yeye, na mimi sikuinama.

Nikamwambia, "Sijamwona, baba. Kaa hapa, tumsubiri wote."

Uliomba nikuandikie. Mpiga picha amepiga magoti mbele yake, karibu kiasi cha kumlisha. Mwanga wa asubuhi unaingia kwa mlango wa kushoto. Uso wa mviringo. Paji la uso dogo. Jicho la kulia lina ukungu mweupe pembeni, la kushoto ni jeusi na safi. Pua fupi. Kovu la zamani juu ya mdomo, jembamba kama uzi. Ndevu nyeupe chache kidevuni, hazijanyolewa wiki moja. Uji kidogo kwenye pembe ya mdomo. Anamtazama aliye mbele yake, hana hasira.

Usiitengeneze, Edson. Nimeandika ujue tu kwamba nimemtazama.

Dada yako,
Lusia